Nyumba ya ng'ambo kwenye ramani: fedha zako zinalala wapi?

SOMO LA WIKI

Mfanyabiashara anayeagiza mali Guangzhou hahitaji kufundishwa maana ya malipo ya awali. Hutuma asilimia 30 ili kiwanda kianze kazi, na asilimia 70 iliyobaki huizuia mpaka aonyeshwe nakala ya hati ya shehena, yaani karatasi inayothibitisha kwamba mali imekwisha kupakiwa melini. Katikati ya hapo anaweza kumtuma mtu akafungue maboksi na kuhesabu. Kiwanda kikimgeuka, hasara yake ni ile asilimia 30, na ataijua ndani ya mwezi mmoja au miwili.

Mfanyabiashara huyo huyo akialikwa kwenye ukumbi wa hoteli kutazama picha za nyumba za ufukweni ambazo bado hazijajengwa, tena katika nchi ambayo hajapata kuikanyaga, yumkini atalipa asilimia 30 bila kuuliza hati ya shehena ya biashara hii ni ipi. Na kungoja kwenyewe si kwa siku 45, ni kwa miaka mitatu au minne. Somo letu la wiki hii linahusu swali hilo moja ambalo halikuulizwa.

Unachonunua hasa

Nyumba inayouzwa kwa ramani si nyumba bado. Ni ahadi ya mwendelezaji kwamba atajenga na kukukabidhi. Katika vitabu vya hesabu vya kampuni yake, fedha unazolipa leo huandikwa upande wa madeni, kwa kuwa malipo ya awali ya mteja ni deni mpaka atakapopata mali yake. Kwa lugha nyepesi, umemkopesha mjenzi. Mara nyingi umemkopesha bila riba na bila kushika rehani yoyote, jambo ambalo hata mkopeshaji wa mtaani asingelikubali.

Hatari za mkopo huo ni tatu: bei ya nyumba kushuka, nyumba kuchelewa, au nyumba kutojengwa kabisa. Wauzaji hupenda kujibu maswali juu ya ile ya kwanza, na huwa na michoro mizuri inayoonyesha bei zikipanda. Lakini bei ikishuka bado una kuta nne na unaweza kupangisha ukingoje. Hatari ya tatu haikuachii hata tofali. Hivyo basi, kabla ya kuuliza nyumba itapanda bei kiasi gani, uliza kati ya leo na siku ya kukabidhiwa ufunguo fedha zako zitakuwa mikononi mwa nani.

Nchi tatu zinatupa majibu matatu tofauti ya swali hilo.

Visiwani Karibi: fedha mikononi mwa mwendelezaji

Kundi la makampuni ya Harlequin lilikuwa na ofisi zake Essex, nchini Uingereza, na liliuza vyumba vya hoteli na nyumba za mapumziko katika visiwa vya Karibi. Mradi wake uliojulikana zaidi ni Buccament Bay katika kisiwa cha St Vincent. Wanunuzi walikuwa watu wa kawaida, wengi wakitumia akiba zao za uzeeni kwa ushauri wa washauri wa fedha. Kila mmoja alilipa asilimia 30 ya bei, na asilimia 70 ilikuwa ilipwe nyumba ikikamilika.

Katika ile asilimia 30, nusu ilikwenda kwenye ada na kamisheni za wauzaji. Iliyobaki kwa ajili ya ujenzi ni asilimia 15 tu ya bei ya nyumba.

Tufanye hesabu kwa mfano wa kubuni. Nyumba inauzwa pauni 200,000, nawe unalipa pauni 60,000. Pauni 30,000 zinaishia kwa wauzaji na kwenye ada. Zinabaki pauni 30,000. Tuseme gharama ya kujenga nyumba hiyo ni pauni 120,000. Pengo ni pauni 90,000.

Kwa haki tuseme kwamba kwenye karatasi mpango wa namna hii una mantiki. Mwendelezaji akipata mkopo wa benki wa pauni 90,000 atamaliza nyumba, mnunuzi atalipa zile pauni 140,000 zilizosalia, benki italipwa na faida itabaki. Wajenzi wengi duniani hufanya hivyo. Tatizo huja pale mkopo unapokosekana. Hapo pengo linaweza kuzibwa kwa njia moja tu, nayo ni kuuza nyumba nyingine na kutumia malipo ya awali ya wanunuzi wapya. Kwa hesabu yetu inahitajika michango ya wanunuzi wanne ili nyumba moja isimame. Mmoja anapata nyumba, watatu wanangoja, na kila mmoja wa hao watatu naye anahitaji wanne.

Upatu wa akina mama mtaani una hesabu inayofunga: watu kumi, zamu kumi, kila mtu anapokea. Huu haufungi. Kadiri nyumba zinavyouzwa kwa wingi ndivyo deni la nyumba zisizojengwa linavyokua, ijapokuwa mtu wa nje anayeona mauzo yakipanda atadhani kampuni inastawi.

Hoteli ya Buccament Bay ilifunguliwa kweli, mwaka 2010, na wageni walilala humo. Hapo ndipo wengi walipoingia mkenge, kwani picha za jengo lililokwisha simama zilikuwa ushahidi wa kutosha kwao. Januari 2013 mamlaka ya kusimamia huduma za fedha Uingereza ilitoa tahadhari kwa washauri waliokuwa wakiingiza akiba za wateja wao katika miradi hiyo. Mwaka huo huo kampuni ya mauzo iliwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi. Desemba 2016 hoteli yenyewe ilifungwa baada ya kukatiwa umeme. Agosti 2022 mahakama ya Southwark, London, ilimtia hatiani mwenyekiti wa kundi hilo, David Ames, kwa udanganyifu wa kutumia vibaya madaraka yake, na mwezi uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 12. Mwendesha mashtaka alieleza kwamba wawekezaji zaidi ya 8,000 walihusika na hasara ilikuwa pauni milioni 226.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia hapa. La kwanza ni kwamba hukumu hiyo haikujenga nyumba za watu. Baadhi yao walipata fidia kutoka mfuko wa Uingereza unaolinda wateja wa huduma za fedha, lakini mfuko huo ulilipa kwa sababu washauri wenye leseni waliwapa ushauri mbaya. Haukulipa kwa sababu nyumba haikujengwa. Aliyenunua moja kwa moja kwa dalali asiye na leseni hakuwa na mlango huo wa kubisha.

La pili ni kwamba mahali penyewe palikuwa pazuri. Machi 2024 hoteli ya kampuni ya Sandals ilifunguliwa pale pale Buccament Bay. Bahari, mchanga na watalii havikuwa uongo. Mradi unaweza kuwa mzuri, na fedha za wanunuzi wa mwanzo zikapotea vilevile kwa sababu zililala mahali pabaya.

Foleni ya wadai

Kampuni inapofilisika, mfilisi hakusanyi mali na kugawa sawa kwa sawa. Mpangilio hutofautiana kidogo nchi na nchi, lakini kwa kawaida benki iliyoshika kiwanja kwa rehani hutangulia, kisha gharama za ufilisi wenyewe, mishahara ya wafanyakazi na kodi. Baada ya hao ndipo hufuata wadai wasio na dhamana. Mnunuzi wa nyumba ambayo haijaandikishwa kwa jina lake kwa kawaida yuko katika kundi hilo la mwisho, pamoja na muuza saruji na mwenye gari la kokoto. Nyuma yao ni wenye hisa peke yao.

Ndiyo maana kiwanja kizuri na jengo lililofika nusu si kinga kwako. Mali hiyo ina thamani, lakini ina wenyewe waliotangulia kwenye foleni.

Dubai: fedha kwenye akaunti ya amana

Dubai inawahusu wasomaji wetu kwa karibu, kwa kuwa wafanyabiashara wengi wa Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Nairobi huenda huko kununua bidhaa, na wauzaji wa nyumba zake huja kwetu kufanya maonyesho.

Dubai iliruhusu wageni kununua nyumba katika maeneo maalumu mwaka 2002. Biashara ya nyumba za ramani ikashamiri, na mwaka 2007 ikatungwa sheria namba 8 inayomtaka mwendelezaji kufungua akaunti ya amana kwa kila mradi. Malipo ya wanunuzi huingia humo, na mwendelezaji huchota kulingana na hatua ya ujenzi. Wadai wake wengine hawaruhusiwi kuzishika fedha hizo. Mradi ukikamilika, asilimia 5 hubakizwa kwa mwaka mmoja ili kasoro za jengo zirekebishwe. Hiyo ndiyo hati ya shehena tuliyokuwa tukiitafuta, kwani fedha zinatoka kazi ikionekana.

Hata hivyo sheria hiyo ilikutana na msukosuko mapema mno. Wanunuzi wengi wa wakati ule walikuwa walanguzi waliolipa kiasi kidogo cha kuanzia kwa matumaini ya kuuza mkataba kwa mwingine kabla awamu ya pili haijafika. Mwishoni mwa 2008 mikopo ilikauka duniani, na bei za nyumba Dubai zikaporomoka kwa zaidi ya nusu katika maeneo mengi. Walanguzi wakaacha kulipa. Tarehe 25 Novemba 2009 kampuni ya serikali ya Dubai World, yenye kampuni ya ujenzi ya Nakheel ndani yake, iliwaomba wadai wake muda wa kusimamisha malipo. Desemba mwaka huo Abu Dhabi ilitoa dola bilioni 10 kuinusuru Dubai, na katika hizo dola bilioni 4.1 zililipa dhamana za Nakheel zilizokuwa zimeiva. Waliookolewa kwanza walikuwa wenye dhamana. Wenye mikataba ya nyumba waliendelea kungoja, na baadhi ya miradi ilifutwa.

Funzo ni kwamba akaunti ya amana huzuia fedha zako kuchezewa, lakini haihakikishi kwamba wenzako wataendelea kuchangia. Jengo la ghorofa 30 hujengwa kwa awamu za wanunuzi wote. Nusu yao wakikimbia, akaunti inakuwa safi na tupu, na winchi zinasimama. Kwa hiyo uliza pia sehemu gani ya mradi inatoka mfukoni mwa mwendelezaji na kwa mkopo wa benki, na sehemu gani inategemea wanunuzi. Mpango wa malipo unaovutia sana, wa kulipa kidogo leo na mengi baadaye, humvutia mlanguzi pamoja nawe.

Mwaka 2020, zaidi ya miaka 10 baada ya mdororo ule, Dubai iliunda baraza maalumu la kushughulikia miradi iliyofutwa na isiyokamilika. Ni hatua njema, lakini mwenye duka ajiulize kama mtaji wake unaweza kungoja miaka 10.

Sheria za Dubai zina upande wa pili. Kwa mujibu wa marekebisho ya mwaka 2017, mnunuzi akishindwa kulipa awamu zake wakati ujenzi umepita asilimia 80, mwendelezaji anaweza kuvunja mkataba na kubaki na hadi asilimia 40 ya thamani ya nyumba. Msomaji anayepata mapato yake kwa shilingi atafakari hapo. Dirhamu imefungwa kwa dola tangu 1997, kwa 3.6725 kwa dola moja. Shilingi ikiteleza, awamu yako inapanda ingawa mkataba haujabadilika hata nukta. Unaweza kupoteza fedha katika mradi uliofanikiwa kabisa, kwa sababu tu mauzo ya dukani hayakufikia dola.

Hispania: fedha chini ya dhamana ya benki

Hispania ilikuwa na kinga ya zamani zaidi. Sheria namba 57 ya mwaka 1968 ilimtaka mjenzi anayepokea malipo ya awali awape wanunuzi dhamana ya benki au bima, ili nyumba isipojengwa warudishiwe fedha zao pamoja na riba. Kinga ya namna hii ina nguvu kuliko akaunti ya amana, kwani haitegemei ujenzi uendelee. Nyumba isiposimama, benki inalipa.

Lakini sheria iliyo kabatini haimlindi mtu. Soko lilipoanguka kuanzia 2008, maelfu ya wanunuzi, wakiwemo Waingereza wengi, waligundua kwamba wajenzi wao hawakuwahi kutoa dhamana hizo. Walilipa kwenye akaunti za kawaida, mjenzi akafilisika, na benki zikasema hazihusiki. Kesi zikaendelea kwa miaka. Tarehe 21 Desemba 2015 Mahakama Kuu Kabisa ya Hispania iliamua kwamba benki iliyopokea malipo ya wanunuzi kwenye akaunti ya mjenzi, bila kuhakikisha dhamana ipo, inawajibika kwa wanunuzi hao.

Waliofaidika na uamuzi huo ni wale walioweza kuonyesha kwa karatasi kwamba fedha ziliingia benki fulani, siku fulani, kwa ajili ya nyumba fulani. Stakabadhi ya benki iliyotunzwa vizuri iligeuka kuwa mali. Aliyelipa taslimu kwa dalali hakuwa na cha kuonyesha.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Ukikutana na muuzaji wa nyumba za ng'ambo, mpe maswali haya na umtake ajibu kwa maandishi:

1. Kiwanja ni cha nani leo, na je, kimewekwa rehani? Jibu halisi liko kwenye ofisi ya ardhi ya nchi husika, si kwenye kijitabu cha rangi.

2. Malipo yangu yanaingia akaunti ya nani? Iwe akaunti ya amana yenye jina la mradi na iliyothibitishwa na mamlaka. Akaunti ya dalali, au ya kampuni katika nchi ya tatu, ni sababu tosha ya kuondoka.

3. Nani anaruhusu fedha zitoke, na kwa ushahidi gani wa kazi iliyofanyika?

4. Kuna dhamana ya benki au bima ya kunirudishia malipo? Itaisha lini? Dhamana inayokwisha kabla ya siku ya makabidhiano haina maana.

5. Dalali analipwa kamisheni kiasi gani, na inatoka wapi? Kamisheni kubwa hulipwa kwa fedha ambazo zingenunua saruji.

6. Mkataba wangu utaandikishwa serikalini kwa jina langu? Dubai, kwa mfano, nyumba za ramani zina daftari lake la muda.

7. Tukigombana, kesi itasikilizwa nchi gani, na wakili huko atanigharimu kiasi gani?

Wakili umtafute mwenyewe. Anayependekezwa na muuzaji anaweza kuwa mwaminifu, lakini bwana wake ni yule anayempa kazi kila mwezi.

Ongeza pia gharama za pembeni kwenye hesabu yako. Dubai ada ya kuandikisha uhamisho ni asilimia 4 ya bei. Aidha, mkaazi wa Tanzania akumbuke kwamba sheria ya fedha za kigeni ya mwaka 1992 na kanuni zake zina masharti juu ya kupeleka mtaji nje. Izungumze na benki yako kabla ya kutuma. Fedha zilizopita njia za panya ni vigumu kuzidai mbele ya hakimu wa nchi yoyote.

Kwa ambaye amekwisha lipa

Usikimbilie kuacha awamu kwa hasira, kwani kuacha kulipa kunaweza kukugeuza wewe kuwa mvunja mkataba. Kusanya kwanza mkataba, stakabadhi zote za benki na barua za muuzaji. Ulizia hali ya mradi moja kwa moja kwa mamlaka ya nyumba ya nchi husika. Watafute wanunuzi wenzako, kwani wakili mmoja kwa watu 20 ni nafuu kuliko wakili mmoja kwa mtu mmoja. Kampuni ikiingia kwenye ufilisi, peleka dai lako kwa mfilisi kabla ya tarehe ya mwisho. Na ukipigiwa simu na mtu anayeahidi kurudisha fedha zako zote kwa ada ndogo ya kuanzia, mfungie simu. Majina ya waliopoteza huuzwa, na wapo wanaowinda mtu yule yule mara ya pili.

Hatuwaambii wasomaji wasinunue nyumba ng'ambo. Nyumba iliyokwisha jengwa, yenye hati na mpangaji ndani, ni kitega uchumi kama kingine, na hata ya ramani inaweza kuwa salama penye sheria inayotekelezwa. Ila anayelipia ramani apime kiasi. Mtaji wa kuzungusha bidhaa usiguswe. Weka kile tu ambacho kikipotea chote, Jumatatu duka litafunguliwa kama kawaida.